Kichocheo kinapewa sumu ili kifanye kazi vizuri? Swali la mwanafunzi wangu, na atomu moja ya paladiamu ndani ya shaba

Ticha wa Mikanjuni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nafundisha kemia kidato cha tano na sita hapa Tanga. Jumatatu nilikuwa kwenye mada ya alkaini, yaani hidrokaboni zenye vifungo vitatu kati ya kaboni, nikaandika ubaoni kichocheo cha Lindlar cha mwaka 1952, cha kuzipa haidrojeni ziishie kwenye vifungo viwili: paladiamu, metali ya thamani, juu ya kalsiamu kaboneti, imetiwa madini ya risasi (ledi) kidogo ili makali yapungue. Kalsiamu kaboneti wanaijua, ndiyo mawe ya chokaa kama yale ya Amboni. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, yaani kichocheo tunakipa sumu ndipo kifanye kazi vizuri? Kwa nini tusitafute kilicho mpole tangu mwanzo?"

Nilimjibu kijuujuu, kengele ikagonga. Usiku swali halikuniacha. Sisi walimu tunafundisha kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko, tunafunga daftari. Kumbe kiwandani kasi peke yake haitoshi. Lililo gumu ni kuharakisha mmenyuko unaoutaka na kuuacha usingizini ule usioutaka.

Chukueni dumu la njano la lita 20. Mjini kwetu huwezi kutembea dakika tano bila kupishana na baiskeli iliyofungwa madumu. Dumu lile ni polithini, na polithini ni molekuli za ethilini zilizoungana moja baada ya nyingine. Ethilini ina kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo viwili. Hupatikana kwenye matanuri yanayopasua hidrokaboni kwa joto kali pamoja na mvuke, na haitoki peke yake. Hufuatana na asetilini, ndugu yake mwenye vifungo vitatu, kiasi cha asilimia 0.5 hadi 2. Kiasi hicho kinaharibu kichocheo cha kuungia plastiki, kwa hiyo lazima kishushwe hadi sehemu chache tu katika milioni.

Njia yake ni kuipa asetilini haidrojeni mbili, igeuke ethilini. Mtego uko hapo hapo: ethilini nayo ikipewa haidrojeni mbili inageuka ethani, na ethani huwezi kuiungia dumu. Na kumbukeni ethilini ndiyo iliyojaa mle ndani. Unatafuta kitu kitakachomgusa mmoja katika mia na kuwapita tisini na tisa wanaofanana naye.

Paladiamu tupu haiwezi hilo. Kupasua molekuli ya haidrojeni kwake ni kazi ndogo, ingawa kifungo kile, ukitaka kukivunja bila msaada, kinadai kilojuli 436 kwa moli. Inaweza hata kumeza haidrojeni yenye ujazo wa mara 900 hivi ya ujazo wake. Lakini inayopasua kwa nguvu ndiyo hiyo hiyo inayong'ang'ania. Asetilini ikitua inashikwa na atomu mbili tatu kwa pamoja. Ethilini ikishatengenezwa hairuhusiwi kuondoka, inazidi kupewa haidrojeni, na nyingine inavunjwavunjwa mpaka inabaki kaboni tupu iliyoganda juu ya kichocheo.

Shaba ina tabia ya upande wa pili. Ethilini ikitua juu yake inashikwa kwa ulegevu, inaondoka salama. Shida ni kwamba shaba haiwezi kuipasua haidrojeni. Kizingiti cha nishati ni kirefu mno kwake. Ina mikono mizuri, lakini haina cha kufanyia kazi.

Huu ndio ukuta uliowasumbua wanakemia kwa miaka mingi. Paul Sabatier, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1912, alishaeleza kwamba kichocheo kizuri kinashika kwa kadiri: kikilegea mno hakuna kinachotendeka, kikikaza mno hakuna kinachoondoka. Na metali zikipangwa kwa kulinganishwa, nyingi zinaangukia mstari mmoja: inayovunja kirahisi inashika kwa nguvu, inayoachia kirahisi inavunja kwa shida.

Sasa njooni uani kwa bibi yangu, Muheza. Anazo nazi mia za kufua, na kifuo ni kimoja tu, kimechimbiwa kando ya mnazi. Nazi inapelekwa pale, inachomwa, kumbi linaachia, kisha nazi inatupwa upande wa pili ambako wajukuu wanavunja na kukuna. Hakuna anayekaa kukuna nazi juu ya kifuo. Na hakuna aliyewahi kufikiria kuupanda ua mzima vifuo, maana hapo hata mtoto akipita angechanika.

Aloi (mchanganyiko wa metali) ya atomu mojamoja ndivyo ilivyo. Unachukua shaba, unapandikiza atomu chache za paladiamu kwenye uso wake, kila moja ikizungukwa na shaba pande zote, zisigusane. Haidrojeni inakuja kwenye atomu ya paladiamu, inapasuka, zile atomu mbili zinamwagikia kwenye shaba na kutambaa. Huko zinakutana na asetilini, inakuwa ethilini, inaondoka kabla hazijaongezwa nyingine. Kazi ya kuvunja iko sehemu moja, kazi ya kuunga iko sehemu nyingine, kwa hiyo ule mstari haukubani tena.

Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, wakiwemo Charles Sykes na marehemu Maria Flytzani-Stephanopoulos, lilichapisha kazi iliyolionyesha hili waziwazi: paladiamu kiasi cha asilimia 1 tu ya uso wa shaba. Walijaribu asetilini na stirini, kimiminika cha kutengenezea plastiki. Paladiamu ilipokuwa chache hivyo, molekuli zilipokea haidrojeni na kuondoka nzima. Ilipokuwa nyingi, zilivunjika.

Kwa hiyo jibu la binti yule nadhani ni hili: risasi ya Lindlar ilikuwa inaziba atomu nyingi za paladiamu zisishirikiane. Hapa hatuzibi. Tunaziweka mbalimbali tangu mwanzo. Nakaribisha marekebisho kabla sijarudi darasani Alhamisi.

Fundi Gesi Barabara ya 12

Shikamoo mwalimu. Hiyo asetilini unayoisema ndiyo hii yetu ya kuchomelea? Maana mimi natia mawe ya kijivu kwenye mtungi, namimina maji, gesi inapanda.

Ticha wa Mikanjuni

Marahaba fundi. Ndiyo hiyo hiyo. Mawe yale ni kalsiamu kabaidi, yakikutana na maji yanatoa asetilini na kubakiza chokaa. Na ethilini pia unaijua bila kuitambua: ndizi mbivu ukiifunika na mbichi kwenye gunia, gesi inayoziivisha zile mbichi ni ethilini. Wanaoivisha matunda kwa mawe yako wanatumia asetilini kwa sababu inafanana nayo mpaka tunda linadanganyika. Ona basi ugumu wa kazi ya kichocheo. Kinatakiwa kutofautisha vitu viwili ambavyo embe limeshindwa kuvitofautisha.

Fundi Gesi Barabara ya 12

Nimekuelewa sana hapo kwa embe. Na hayo mambo ya kaboni kuganda nayaona kila siku. Ukiwasha gesi kabla hujafungua oksijeni, moto unakuwa wa njano, halafu zinaruka nyuzi nyeusi nyepesi kama buibui zinaelea karakana nzima, zikitua kwenye shati hazitoki. Mdomo wa bomba ukijaa ule weusi inabidi uusafishe kwa waya. Hicho kichocheo nacho kinasafishwa vipi?

Ticha wa Mikanjuni

Kinachomwa, fundi. Unasimamisha kazi, unapitisha hewa yenye moto, kaboni inaondoka kama kaboni dayoksaidi. Kila usafishaji unakula uhai wa kichocheo, maana kwenye joto lile chembe ndogo za metali zinaungana na kuwa kubwa. Ndiyo maana kisichoshika masizi ni mali.

Mhandisi Mstaafu

Uzi mzuri mwalimu, ila nataka kukupinga kidogo. Mimi nilikuwa kwenye sehemu ya asidi, kiwanda cha mbolea hapa Tanga, enzi zile. Kichocheo chetu kilikuwa oksidi ya vanadi, na tulifundishwa kwamba zamani dunia nzima ilitumia platinamu kwa kazi hiyo, ikaachwa kwa sababu aseniki kidogo tu iliyomo kwenye malighafi ilikuwa inaiua. Pili, viwanda vya ethilini vinachanganya paladiamu na fedha (silva) kwa miongo mingi sasa ili kuipoza. Kuchanganya metali si jambo geni. Kipya hapa ni nini hasa? Na atomu moja moja si ndiyo itakufa kwa sumu upesi zaidi?

Ticha wa Mikanjuni

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kupinga, ndicho nilichokiomba.

Kwenye paladiamu na fedha uko sahihi, na ile fedha inafanya kazi kwa sababu hii hii, inazitenganisha paladiamu. Lakini kichocheo cha kiwandani ni mchanganyiko: kuna mahali paladiamu ziko peke yake, kuna mahali ziko mbilimbili, kuna mahali ziko kundi zima. Ukipima matokeo unapima wastani wa wote hao, hujui nani kafanya kazi na nani kaharibu. Wale wa Tufts walianza na kipande cha shaba kilichosafishwa mpaka uso wake umelala kama meza, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, wakakitazama kwa hadubini ya kupapasa, ile waliyoibuni Gerd Binnig na Heinrich Rohrer huko Zurich mwaka 1981. Ncha ya sindano inapita juu ya uso bila kuugusa, mkondo mdogo wa umeme unavuka pengo, na kutokana na mkondo huo atomu zinaonekana mojamoja. Paladiamu zilionekana zimetawanyika, na haidrojeni ilionekana imekusanyika juu ya shaba, mbali na pale ilipopasukia. Kwa hiyo hawakukisia kwamba haidrojeni inahama. Waliiona imeshahamia.

Na wakishajua ni atomu ipi inafanya nini, wanaweza kukokotoa kwanza, wakachagua metali, ndipo waingie maabara. Ndivyo ilivyokuwa kwa rodiamu, metali nyingine ya thamani, ndani ya shaba, kazi iliyochapishwa 2021, wakishirikiana na watu wa mahesabu wa Uingereza. Lengo lilikuwa propani, gesi hii hii iliyomo kwenye mitungi ya jikoni pamoja na butani. Unataka kuing'oa haidrojeni mbili ibaki propilini, ya kutengenezea ndoo na viti vya plastiki. Kifungo cha kaboni na haidrojeni kikatwe, kile cha kaboni na kaboni kiachwe. Metali kali zinakata vyote na kujaza masizi. Mahesabu yalisema rodiamu moja ndani ya shaba itakata hiki na kuacha kile, na majaribio yakakubali.

Kuhusu sumu najibu nusu. Monoksidi ya kaboni inaikaba platinamu vibaya sana, kila anayeshughulika na seli zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme anajua. Kazi ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba platinamu iliyotengwa ndani ya shaba inaishika monoksidi hiyo kwa ulegevu zaidi kuliko platinamu tupu, kwa hiyo kwa sumu hii kutengwa kunasaidia. Salfa ni habari nyingine. Salfa inaipenda shaba yenyewe, kwa hiyo malighafi lazima isafishwe kwanza.

Mhandisi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye wastani umenijibu. Sisi tulikuwa tunaongeza kiasi, tunapima, tunaongeza tena. Kuona hatukuona.

Binti Pangani

Mwalimu hongera. Mimi nasoma uzamili wa kemia, kwetu Pangani. Naomba niongeze mawili na kurekebisha moja.

Marekebisho: umeandika kana kwamba paladiamu inapasua haidrojeni tu na asetilini yote inashughulikiwa na shaba. Si lazima iwe hivyo kila mara. Molekuli inaweza kutua juu ya atomu ya paladiamu pia. Tofauti ni namna inavyotua. Kwenye paladiamu tupu ethilini inajilaza juu ya atomu mbili, kila kaboni imeshikwa na yake, na mabaki yaliyovunjika yanapenda kukaa katikati ya atomu tatu. Atomu ikiwa peke yake hakuna ya pili wala ya tatu, kwa hiyo ule mshiko mbaya hauna pa kukaa.

La kwanza la kuongeza. Kifuo chako ni mfano mzuri, lakini nazi iliyofuliwa hairudi kuvishwa kumbi. Haidrojeni inarudi. Atomu mbili zilizotambaa kwenye shaba zikitaka kuondoka, njia yao rahisi ni kurudi kwenye ile paladiamu, ziungane, zitoke. Atomu ile ni mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mwaka 2013 kundi lile lile lilifanya jambo ambalo mimi kila nikilisoma nafurahi: waliingiza haidrojeni kwanza, kisha wakaleta monoksidi ya kaboni ikakaa juu ya paladiamu kama kizibo cha chupa. Haidrojeni ikabaki imefungiwa juu ya shaba hadi joto lilipopanda zaidi. Kitu tunachokiita sumu kimegeuka kitasa. Mwambie yule binti wa dawati la nyuma, kwa sababu swali lake la sumu lina jibu hapa pia.

La pili ni elektroni. Watu wanadhani atomu iliyozama kwenye shaba inakuwa nusu shaba. Kwa baadhi ya aloi hizi imepimwa kinyume chake. Shaba iliyotawanywa ndani ya fedha, kazi ya 2018, elektroni zake za nje hazichanganyiki sana na za jirani, ngazi zake za nishati zinabaki nyembamba karibu kama za atomu inayoelea peke yake. Kwa hiyo unapata kitu chenye tabia ambayo metali tupu hazina. Mimi hili naliona kubwa kuliko kuokoa gharama ya paladiamu, ingawa gazeti likiandika huandika gharama.

Ticha wa Mikanjuni

Asante sana dada. Nimeyapokea yote, na lile la kizibo naliingiza kwenye somo.

Mdau wa Sahare

Samahani, mimi si mtu wa kemia. Haya masega ya kwenye ekzosi za magari ambayo watu wanang'oa usiku, ni mambo hayo hayo? Na bomba la mafuta la Chongoleani, litatuletea viwanda vya aina hii?

Ticha wa Mikanjuni

Ndugu yangu, sega la ekzosi lina platinamu, paladiamu na rodiamu zilizopakwa juu ya udongo wa kauri, ndiyo maana linaibwa. Ni kichocheo, ila si aloi ya atomu mojamoja. Pale kazi ni kumaliza gesi zote chafu, si kubagua. Bomba nalo, kilomita 1,443 kutoka Hoima, ni la kupeleka mafuta ghafi melini. Kupasua hidrokaboni ili kupata ethilini ni kiwanda kingine kabisa, nisikuahidi nisichokiona.

Mdau wa Sahare

Sawa mwalimu, nimeelewa.

Fundi Gesi Barabara ya 12

Mimi bado nina langu. Hizo atomu mnazipandaje mojamoja? Kwa koleo?

Binti Pangani

Kaka fundi, unaziacha zijipande. Unachukua chembe ndogo sana za shaba, unazitia kwenye maji yenye chumvi ya paladiamu kidogo mno. Shaba inaachia elektroni, inayeyuka, paladiamu inachukua nafasi yake. Ni kama msumari ndani ya maji ya mrututu: msumari unatoka umevaa wekundu. Zinabaki mbalimbali kwa sababu mbili. Ni chache, na paladiamu na shaba zinapendana, yaani paladiamu inatulia zaidi jirani yake akiwa shaba kuliko akiwa paladiamu mwenzake. Si kila jozi ina bahati hiyo. Nikeli na fedha hazichangamani kirahisi, ingawa mwaka 2025 zimechapishwa kazi za nikeli kidogo ndani ya fedha kwa ajili ya kutengeneza ethilini oksidi, na zimeleta tija. Na hata zinazopendana hazitulii milele. Ukipandisha joto nyingine zinazama ndani ya shaba, na gesi inayozipenda kama monoksidi ya kaboni inaweza kuzivuta tena juu. Wanaotengeneza ndiyo wanaohangaika na hilo kila siku.

Ticha wa Mikanjuni

Wakuu, narudi na taarifa ya Alhamisi.

Maabara yetu haina paladiamu. Tunayo silva naitreti, chumvi ya fedha, tunayoitumia kupimia kloraidi. Nikachukua waya wa shaba alionipa Fundi Gesi (asante sana, ulikuwa msafi), nikaukata vipande viwili. Kimoja nikakitia kwenye myeyusho wa kawaida, kingine kwenye ule niliouongezea maji mara mia. Cha kwanza, dakika chache tu, kikaota manyoya ya fedha yanayometa, na maji yakaanza kuwa ya buluu. Cha pili kilififia tu, rangi ikawa ya kijivu hafifu, ukikigeuza kwenye mwanga wa dirisha unaona wekundu wa shaba bado upo chini.

Binti wa dawati la nyuma alikaa na kile cha pili muda mrefu. Alikishika kwa kibanio, akakileta karibu na jicho, akaniuliza: "Mwalimu, hapa fedha ziko mojamoja au ziko vikundi vidogo nisivyoviona?" Nikamwambia kwa jicho hatuwezi kujua, na kwamba fedha na shaba hazipendani kama paladiamu na shaba, kwa hiyo mimi ningebashiri vikundi. Akaniuliza kama ukipunguza zaidi, mara elfu, vitaacha kuwa vikundi.

Dada Binti Pangani, hilo nimemwambia nitakuuliza wewe.

Binti Pangani

Mwambie kupunguza peke yake hakutoshi kwa jozi isiyopendana. Fedha itatambaa juu ya shaba mpaka imkute mwenzake, itachukua muda mrefu zaidi tu. Ila akiweza kuipoza sana isitambae, itabaki pale ilipotua. Mwambie pia nikija likizo Desemba nitapita shuleni kwenu, anioneshe hicho kipande.